Natokwa na mabaka kila jioni, wifi kaniletea jeli ya mwani, je niache vidonge?

Shikamoo Bi Rehema,

Mi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 31, mtoto mmoja na tunatafuta wa pili. Tangu mfungo wa mwaka jana mwili wangu unatoa mabaka, yani sio vipele, ni mabaka kabisa yamefura, mengine madogo mengine yanaungana mpaka yanajaza paja zima. Yanaanza jioni nikiwa jikoni au nikishapanda kitandani, yanawasha hadi najikuna na kitana, afu asubuhi ngozi safi kabisa hamna kitu. Nikienda hospitali daktari ananiangalia anaona mtu mzima mwenye afya. Mara kadhaa mdomo umefura, na kuna siku niliingia darasani jicho moja limefunga watoto wakanyamaza wote.

Duka la dawa wameshanizoea. Wananichoma sindano ya deksa na kunipa Piriton, usiku huo nalala vizuri, siku mbili tatu yamerudi. Kuna kipindi nilikuwa nanunua prednisoloni mwenyewe, uso ukajaa watu wakaanza kunisifia nimenawiri. Piriton yenyewe inanilaza, nasinzia juu ya madaftari. Nikaambiwa nipime aleji, nikalipa hela nyingi nikapewa karatasi ndefu ya vyakula, nikaacha samaki, mayai, karanga, maziwa, maembe, nyanya. Sasa hivi ni ugali na mchicha na bado yanatoka. Mgongo nao unauma kwa kusimama kutwa kwahiyo namezea diklofenaki.

Mama mkwe anasema ni damu chafu. Mume wangu kahamia chumba cha mtoto anaogopa kuambukizwa, hasemi kwa ubaya ila inaniuma.

Sasa wifi yangu anauza jeli, kwenye chupa wameandika mwani wa Zanzibar, kaitosani ya maganda ya kamba na kolajeni ya samaki. Anasema ni utafiti mpya wa biomateriali za asili, zinatuliza zile seli za aleji, na kweli alinionyesha kwenye simu utafiti upo. Chupa ni 85,000, nitumie chupa tatu na niache vidonge vyote kwanza ili mwili usafike. Na kaka yangu yuko Muscat, kasikia kuna sindano ya hili tatizo, anasema atanunua moja anitumie na mtu anayekuja. Bi Rehema nifanye lipi? Naogopa kumkatalia wifi, naogopa pia kuishi hivi maisha yangu yote. Na nikishika mimba itakuwaje?

Mwalimu, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nimefanya kazi kliniki ya ngozi miaka mingi na barua kama yako inaniumiza kwa sababu wewe umehangaika kweli, umelipa, umejinyima chakula, na hakuna mtu hata mmoja aliyekaa chini akakueleza una nini. Ngoja nikujibu kwanza kwa kifupi ndo tuingie ndani: vidonge usiache ila vibadilishwe, jeli usinunue, na sindano ya kuja kwenye begi la mtu hapana.

Na kabla sijaendelea, mdomo na jicho kufura ni sehemu ya ugonjwa huu huu na mara nyingi kunapungua kwenyewe, ila siku ulimi ukifura, sauti ikabadilika, koo likabana, ukashindwa kumeza mate au kupumua kwa shida au ukahisi kuzimia, hapo usisubiri kuche, usipitie duka la dawa, ni hospitali moja kwa moja. Mwambie na mumeo ajue hilo.

Maelezo yako yanafanana sana na kitu tunaita urtikaria. Ikipita wiki 6 inatoka na kurudi inaitwa urtikaria sugu, na kama hakuna kichocheo cha wazi kama baridi, jua, jasho au mkandamizo wa nguo basi inaitwa ya kujitokea yenyewe. Hauko peke yako kabisa, inakadiriwa karibu mtu 1 kati ya 100 anaipata wakati fulani wa maisha yake na wanawake wanaipata karibu mara mbili ya wanaume. Wengi inawaisha yenyewe ndani ya mwaka 1 hadi 5, wachache inachukua zaidi, kwahiyo lile neno la "maisha yangu yote" naomba ulitoe kichwani.

Kinachotokea ni hivi. Ndani ya ngozi, chini ya lile tabaka la juu tunaloliona, kuna seli zinaitwa seli za masti, Paul Ehrlich wa Ujerumani ndo alizielezea mwaka 1878, zimekaa karibu na vimishipa vya damu na zimebeba vifuko vidogo vilivyojaa histamini. Zikipasua vile vifuko histamini inamwagika, vimishipa vinavuja maji, hapo ngozi inafura, na mishipa ya fahamu inasisimka, hapo unawashwa. Baada ya saa kadhaa maji yanarudi kwenye damu na baka linapotea, ndo maana asubuhi daktari haoni kitu. Sasa nani anazichokoza? Kwa wagonjwa wengi wa aina yako ni kinga ya mwili yenyewe. Mwili unatengeneza kingamwili za kuushambulia mwili, wengine wanakuwa na kingamwili ya aina ya IgE inayolenga vitu vyao wenyewe, kwa mfano kimeng'enya cha tezi ya shingo ile thairoidi, wengine wana ya aina ya IgG inayokwenda kukamata pale pale juu ya seli ya masti na kuilipua. Hapo hakuna damu chafu, hakuna uchafu wa kusafisha, na hakuna cha kuambukiza mtu. Mumeo arudi chumbani kwake leo hii, mwonyeshe haya maneno.

Kuna kipimo nataka ukifanye nyumbani kwa sababu kinasaidia kuliko vipimo vingi vya kulipia. Jioni baka likitoka chukua biro, lizungushie mstari pembeni yake, andika saa. Kwenye ngozi zetu nyeusi ule wekundu wa kwenye vitabu hauonekani vizuri, kwahiyo washa taa ya simu uielekeze kwa ubavu utaona ule uvimbe ulivyonyanyuka, na upapase kwa kidole, baka limeinuka na ni gumu kidogo. Piga picha hapo hapo. Afu angalia kesho yake saa ile ile. Kama baka limehama au limepotea ndani ya saa 24 bila kuacha alama ni urtikaria ya kawaida. Kama liko pale pale kwenye mstari wa biro zaidi ya siku nzima, linauma au kuchoma badala ya kuwasha, na likiondoka linaacha weusi kama wa kujigonga, au una homa na viungo vinauma, hiyo inaweza kuwa uvimbe wa kuta za mishipa ya damu, inahitaji kukatwa kinyama kidogo cha ngozi kikapimwe. Usisahau hilo, wengi wanatibiwa aleji miaka wakati ni kitu kingine.

Picha hizo ndo utakazompelekea daktari ili asikuangalie ngozi safi akakurudisha nyumbani. Na kila siku andika alama mbili: mabaka, 0 kama hakuna, 1 yakiwa chini ya 20, 2 yakiwa 20 hadi 50, 3 yakizidi 50, na kuwashwa kuanzia 0 hadi 3. Jumla ya siku haizidi 6 na ya wiki haizidi 42. Ndo hesabu hiyo hiyo wanayotumia watafiti duniani kote kupima dawa mpya za urtikaria, na daktari akiona wiki nne za hesabu yako hatabishana na wewe.

Sasa dawa. Deksa na prednisoloni ni za familia moja, steroidi, zinazima moto haraka kwahiyo kila mtu anazipenda, ila kwa urtikaria sugu zinaruhusiwa siku chache tu pale hali inapokuwa mbaya sana na kwa maelekezo ya daktari. Ukizizoea zinapandisha sukari na presha, zinakula mifupa, zinajaza uso, na wakati wote huo ugonjwa uko pale pale unasubiri. Huko kunawiri walikokusifia ni dawa mwanangu. Hizo za dukani acha kununua, ila kama umekuwa ukimeza mfululizo zaidi ya wiki tatu hivi usikate ghafla, mwone daktari akupunguzie taratibu maana mwili unakuwa umesahau kutengeneza ya kwake.

Piriton nayo ni antihistamini ya kizamani, inaingia kwenye ubongo, ndo maana unalala juu ya madaftari, na miongozo ya kimataifa ya urtikaria inashauri tuachane nayo. Dawa ya kwanza ni antihistamini za kizazi cha pili, setirizini, loratadini, feksofenadini, bilastini na wenzao, nyingi zinapatikana kwetu na sio ghali. Na hapa ndo watu wengi sana wanapokosea: wanameza siku wakiwashwa tu. Hii dawa haiondoi histamini iliyokwisha kaa, inafanya kazi kama mtu aliyewahi siti ya daladala, akishakaa yeye histamini ikija inakosa pa kukaa. Kwahiyo inamezwa kila siku, uwe na mabaka usiwe nayo. Kama baada ya wiki 2 hadi 4 bado hujatulia, daktari anaweza kuongeza taratibu mpaka mara nne ya dozi ya kawaida, yani kwa setirizini ni kutoka miligramu 10 hadi 40 kwa siku. Usijiongezee mwenyewe tafadhali, akuangalie figo kwanza na dawa zako nyingine, na hata setirizini kuna watu inawasinzisha kidogo. Ninachotaka ujue ni kwamba wewe mpaka leo hujapewa hata dozi ya kwanza sawasawa, usikate tamaa na matibabu ambayo hayajaanza.

Diklofenaki iache leo. Dawa za maumivu za kundi hilo, pamoja na aspirini na ibuprofeni, zinachochea mabaka kwa karibu robo ya wagonjwa wa urtikaria sugu. Sisemi ndo chanzo chako, ila huwezi kujua mpaka uiweke pembeni. Mgongo tumia parasetamoli, ukae kiti darasani pale inapowezekana, ikizidi uone daktari.

Chakula kinanihuzunisha kuliko vyote. Aleji ya chakula ya kweli inakupata muda mfupi baada ya kula, na kila ukila kile kile inarudi. Urtikaria sugu kwa mtu mzima ni nadra sana kusababishwa na chakula, na ile karatasi ndefu ya vyakula haiwezi kukwambia lolote la maana kwenye tatizo lako, vipimo vya aina hiyo vinaonyesha mwili umekutana na chakula, basi. Mwanamke anayetafuta mimba anaishi kwa ugali na mchicha, Tanga, samaki wanashuka asubuhi! Rudisha vyakula kimoja kimoja, anza na samaki na mayai. Kama kuna ambacho ukikila tu unafura mdomo ndani ya dakika chache hicho kiache na umwambie daktari, vingine kula. Vipimo vinavyofaa ni vichache: picha kamili ya damu, kipimo cha damu cha kuona kama mwili una mchochota (sio uvimbe wa saratani), kwa mtaalamu utaongezewa IgE na kingamwili za thairoidi. Kwetu huku mi napenda na choo kipimwe, minyoo na kichocho vinaweza kuleta mabaka na vinatibika.

Haya tuje kwa wifi na jeli yake. Sitaki kusema anakudanganya maana naamini anaamini anachouza, na utafiti aliokuonyesha unaweza kuwa wa kweli kabisa, tatizo ni kwamba ni utafiti wa kitu kingine. Kaitosani inatengenezwa kutoka maganda ya kamba na kaa, na kweli inafanya kazi nzuri, kuna bandeji zake zinatumika kuzuia damu kwenye majeraha makubwa. Kolajeni inatumika kwenye vidonda na kuungua. Mwani wa kahawia wa nchi za baridi unatoa alginati, wanatengenezea bandeji za kunyonya maji ya kidonda. Asali safi ya hospitali nayo inafungiwa vidonda vya moto. Vyote hivyo vina kazi moja, kukaa juu ya ngozi iliyochanika na kuisaidia ijifunge. Wewe ngozi yako haijachanika. Baka lako linatokea chini, kwenye mishipa, kwa amri ya kinga ya mwili, leo pajani kesho mgongoni, utaipaka wapi hiyo jeli? Na molekuli za kolajeni na kaitosani ni kubwa mno, haziwezi kupenya ngozi nzima zikafika zilipo seli za masti. Itakupoza kidogo kwa sababu ni ya maji na ya baridi, kitambaa kilicholowekwa maji ya baridi kitakupoza vile vile bure (ila kama unaona baridi ndo inayokutoa mabaka usifanye), na losheni ya kalamine pia inapoza.

Wapo watafiti wanaojaribu kutumia vitu hivi kama gari la kubebea dawa, kwa mfano vibandiko vyenye visindano vidogo sana vya asidi ya haiyaluroniki au protini ya hariri, vinatoboa tabaka la juu na kuyeyuka taratibu ndani. Ni kazi nzuri na mi naifuatilia kwa hamu, siku moja mtu anaweza kupata dawa yake ya mwezi kwa kubandika mkononi. Lakini tazama wanavyofanya, dawa yenyewe inakuwa ndani ya kile kibandiko na kiasi kinapimwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo bado iko kwenye panya na vyombo vya maabara. Leo hii hakuna jeli ya mwani, kaitosani wala kolajeni iliyokubaliwa kuwa tiba ya urtikaria sugu.

Na kwa kuwa ni mwani wetu, ngoja nikwambie jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui. Mwani unaolimwa na kina mama Paje na Jambiani, na hata huku pwani ya Tanga, ule spinosamu na kotonii, unatoa kitu kinaitwa karaginani, kiko kwenye dawa za meno na aiskrimu za dunia nzima. Ukiila haina neno. Ila tangu mwaka 1962 watafiti wana jaribio maarufu, wanachoma karaginani kwenye unyayo wa panya, unyayo unafura ndani ya saa chache, afu wanampa panya dawa wanayoitafiti waone kama uvimbe unapungua. Yani karaginani ndo wanayotumia kuleta uvimbe. Sisemi jeli itakufurisha, kupaka sio kuchoma, nasema kutoka baharini au shambani hakutuambii kama kitu kinatuliza au kinachokoza, mpaka kipimwe kwa watu wenye ugonjwa huo huo.

Mimea nayo siikatai hata kidogo, hiyo uniamini. Kuna mmea unaitwa Ammi visnaga, Misri wameutumia tangu zamani, kutoka kwenye kemikali ya kelini iliyomo ndani yake wanasayansi Uingereza wakatengeneza kromoglikati, dawa ya kuzituliza seli za masti zisilipuke. Daktari Roger Altounyan alikuwa na pumu mwenyewe, alikuwa anajichokoza kwa kuvuta vitu vinavyomletea pumu afu anajaribu michanganyiko mmoja baada ya mwingine juu ya mwili wake, mwaka 1965 ukapatikana ulioleta maana. Ila ikimezwa haifyonzwi vizuri na utumbo, kwahiyo iliishia kuwa dawa ya kuvuta ya pumu na matone ya macho na pua, kwa mabaka ya mwili mzima haikufua dafu. Angalia safari yote hiyo, na bado ikawa sio yako. Wifi anataka uruke yote hiyo kwa 255,000 na uache vidonge juu yake!

Tena kuna jeli na krimu zinazouzwa kuwa ni za asili na ndani zimechanganywa steroidi kali bila kuandikwa. Ukiona imefanya kazi kwa kasi ya ajabu ndani ya siku mbili, hapo ndo uanze kuogopa. Mwombe wifi namba ya usajili ya TMDA, mamlaka ya dawa ya serikali, na orodha kamili ya vilivyomo. Na kama kamba na kaa waliwahi kukudhuru kweli kweli mwambie hilo pia. Kumkatalia si lazima mgombane, mwambie wifi yangu nimeshaanza dawa ya daktari, nimeambiwa nisichanganye kitu kingine mpaka nimalize kuandika daftari langu. Ni kweli tupu, na hana pa kukushika.

Sindano ya kaka yako ipo. Inaitwa omalizumabu. Ile IgE niliyoitaja iligunduliwa miaka ya 1960 na mke na mume, Kimishige na Teruko Ishizaka, wakiwa Denver Marekani, na wakati huo huo na watafiti wa Uppsala Sweden, na omalizumabu kazi yake ni kuikamata IgE kwenye damu kabla haijafika kwenye seli za masti. Marekani na Ulaya ziliikubali kwa urtikaria sugu mwaka 2014. Wengine inawafuta mabaka ndani ya wiki chache, wengine inachukua hadi miezi sita, wachache haiwasaidii. Sasa kaka anasema atatuma moja. Dozi ni miligramu 300 kila baada ya wiki 4, na ukiacha mabaka mara nyingi yanarudi mpaka ugonjwa uishe wenyewe, kwahiyo swali la kumuuliza ni kama ataweza kila mwezi kwa muda mrefu. Na inatunzwa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8 wakati wote, ukiiweka kwenye begi Muscat mpaka Tanga unaweza kuja kuchoma maji ya gharama kubwa. Na dozi za mwanzo unachomwa hospitali ukaangaliwa kwanza kwa sababu mara chache sana inaleta aleji kali. Inapewa mtu ambaye antihistamini ya dozi ya juu imemshinda, na wewe hujafika hapo. Hela ya kaka itumike kukupeleka kwa mtaalamu wa ngozi, Muhimbili au Moshi pale KCMC ambapo kuna kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda tangu 1992. Ukija kuihitaji, nakala zake za bei nafuu zimeanza kukubaliwa, Ulaya 2024 na Marekani 2025, bei inaweza kuendelea kushuka.

Na nyuma yake kuna nyingine. Mwaka 2025 Marekani ilikubali mbili kwa urtikaria sugu, dupilumabu ya sindano mwezi wa nne, na remibrutinibu ya vidonge mwezi wa tisa, hii inazuia ile amri ndani ya seli ya masti ya kumwaga histamini, unameza asubuhi na jioni. Ila sio kila inayong'aa mwanzoni inafika. Ligelizumabu ilionekana kuipita omalizumabu kwenye utafiti mdogo, kila mtu akafurahi, walipoijaribu kwa watu zaidi ya 2,000 ikaonekana haiipiti. Hapo walikuwa wamepima kwa watu wenye ugonjwa huu huu na bado matumaini yakabadilika, sembuse jeli iliyopimwa kwenye vyombo.

Mimba. Tafuteni mtoto wenu, urtikaria haizuii kushika wala haimdhuru mtoto tumboni. Kuna wanaopata nafuu wakiwa wajawazito na wapo wanaozidiwa kidogo. Loratadini na setirizini ndo tunazozijua vizuri zaidi kwenye ujauzito na hata kunyonyesha, kwahiyo mwambie daktari tangu siku ya kwanza kwamba mnatafuta ili akuchagulie mojawapo ya hizo na dozi ndogo inayokutosha, asikuanzishie kitu cha kuja kubadilisha baadaye. Diklofenaki kwenye ujauzito hairudi, hasa kuanzia wiki ya 20, inaweza kuumiza figo za mtoto. Na ukienda kliniki ya wajawazito beba lile daftari la alama na maboksi ya dawa zote unazomeza, manesi wasikie kwako mwenyewe, usingoje wakuulize.

Bi Rehema